Kilichowavusha ni uani

Mhariri, salaam kutoka Bagamoyo.

Swali lenu la juma hili linasema: mwanamke akifungwa na serikali ya kidikteta kwa ajili ya siasa, ni kitu gani kinachomvusha hadi akatoka hai na akili zake timamu? Jibu la kwanza mlilolichapa ni la bwana mmoja aliyesema ni imani, na kwamba wanawake wa namna hiyo "wana moyo wa kiume". Nililisoma kwa sauti mbele ya wasichana ninaowafundisha cherehani hapa Magomeni. Mmoja akasimamisha mashine, akauliza: "Moyo wa kiume unauzwa duka gani, mwalimu, na mita bei gani?" Tukacheka, lakini lile neno lilinikwama kooni, ndiyo maana naandika.

Imani sikatai. Nimewaona watu walioshikiliwa na sala wasianguke. Ila kila nikisoma habari za wanawake waliofungwa na Banda wa Malawi, na Salazar wa Ureno, na majenerali wa Argentina, na makaburu wa Afrika Kusini, huo moyo wa kiume siuoni. Ninayoyaona ni mambo ya uani.

Marehemu mama yangu alikuwa msusi wa mikeka. Baada ya chakula cha mchana uani kwetu walikaa wanawake watano, sita, kila mmoja na ukili wake, ule utepe unaoshonwa kuwa mkeka, miyaa imenyunyiziwa maji isikatike. Msusi aliyezoea haangalii ukili. Macho ya mama yalikuwa mlangoni, masikio kwenye mazungumzo, vidole vinakwenda vyenyewe. Hapo ndipo ilipojulikana nani leo siku ya pili hajawasha moto, nani kapigwa, nani mwanawe kapata homa. Kisha sahani iliyofunikwa kawa ilitoka kwa mlango wa nyuma kwenda nyumba ya tatu, na hakuna aliyeuliza inakwendea nini. Wanaume walikuwa barazani wakizungumza siasa. Yetu sisi huku nyuma yakaitwa umbea.

Basi niwapeleke Argentina. Majenerali walitawala kuanzia 1976 hadi 1983, na wanawake wengi waliofungwa kwa siasa walikusanywa katika gereza la Villa Devoto, jijini Buenos Aires. Walitengwa, na kuzungumza na wa seli nyingine kulikatazwa. Wakagundua choo. Ukichota maji yote yaliyotuama kwenye sinki la choo, ukakausha kwa kitambaa, bomba linabaki wazi kama simu: unainama, unasema, na mwenzako wa ghorofa ya chini anasikia. Kwa njia hiyo walipeana habari za kesi, za nani kaletwa jana usiku na kaletwa katika hali gani. Walikuwamo humo walimu, wanafunzi wa chuo kikuu na wafanyakazi wa viwandani, wote wakiinamia tundu moja kupokea habari. Mimi nasema hao walikuwa wambea wa daraja la kwanza, na neno lenyewe tuliombe radhi.

Mshairi wa Kirusi, Irina Ratushinskaya, alikamatwa 1982 na kupelekwa kambi ya kazi ngumu huko Mordovia, Urusi, katika kijisehemu kidogo cha wanawake wa kisiasa. Alikuwa akiandika beti kwenye kipande cha sabuni kwa njiti ya kiberiti iliyoungua, anazisoma mpaka zimeingia kichwani, kisha ananawa mikono. Askari akija kupekua anakuta sabuni. Alitoka Oktoba 1986 na mashairi yake yote kifuani. Bibi zetu walioshika tenzi nzima bila kujua kushika kalamu wangemwelewa huyu bila mkalimani.

Hapa lazima niseme ujuzi wangu binafsi ni wa kiasi gani. Ni siku mbili. Miaka kumi na kitu iliyopita nilikuwa mweka hazina wa kikoba, hesabu ikapungua, maneno yakawa mengi, nikachukuliwa na wenzangu wawili hadi kituo ambacho sitakitaja. Baadaye fedha zilionekana zilikokwenda, na hiyo ni aibu ya mtu mwingine. Kesi yangu haikuwa ya siasa wala sikuwa chini ya dikteta, msije mkanitia maneno mdomoni. Lakini mlango wa chuma ukifungwa nyuma yako, unafungwa.

Ndani walikuwamo wanawake tisa. Nilitegemea waniulize nimefanya kosa gani. Wa kwanza aliuliza, "Umekula?" Wa pili, "Watoto umewaacha na nani?" La tatu lilitoka kwa mama mmoja aliyekaa karibu na ndoo, akasema kwa sauti ya chini, "Uko kwenye siku zako?" Nilikuwa. Kwa hofu zilinijia kabla ya wakati, na nilikuwa nimesimama nimebana miguu nikidhani hakuna aonaye. Yule mama hakusema neno la pili. Alivua kanga aliyojitanda, mpya kabisa, haijafuliwa hata mara tatu, akashika pindo kwa meno, nikasikia mchaniko mmoja mrefu. Akaipasua vipande vinne sawasawa kama aliyepima kwa futi. Kimoja akanipa, vitatu akavikunja akavitia chini ya kijamvi, akasema, "Vya kesho." Yeye akabaki na kanga moja aliyojifunga.

Mhariri, hayo hayaandikwi sana na wanaoandika habari za ushujaa. Mwanamke gerezani ana mwezi wake, ana maziwa yanayomjaa kifuani wakati mtoto yuko nyumbani, ana mimba, na askari wanaomchungulia mara nyingi ni wanaume. Dikteta anajua kabisa kwamba aibu ni pingu. Mwanamke akishikwa kwa aibu atasaini karatasi ambayo kwa kipigo asingeisaini. Mwenzako akikuchania kanga, ameifungua hiyo pingu kabla haijabana.

Wala msidhani uani ni peponi. Mwanamke mmoja wa mle ndani alikuwa akiitwa nje kila baada ya saa chache, na tulilolisema askari walikuwa nalo. Kwa serikali za kidikteta jambo hilo ni utaratibu kabisa: seli yoyote huenda ikawa na sikio la kukodi. Na wasiochongeana hugombana. Septemba 1981 Rais Sadat wa Misri alikamata watu zaidi ya 1,500 kwa mkupuo, wa siasa za mrengo wa kushoto na wa dini, wanaume na wanawake. Daktari Nawal El Saadawi alijikuta katika gereza la wanawake la Qanatir, chumba kimoja na wakomunisti na wanawake wa nikabu, watu ambao mitaani wasingepokeana hata chumvi. Walibishana, wakanuniana, na chakula wakala pamoja. Karatasi na kalamu zilipigwa marufuku, basi Nawal akaandika kumbukumbu zake kwenye karatasi ya chooni kwa wanja wa penseli, na wanja huo alipewa na mfungwa aliyewekwa ndani kwa ukahaba. Sadat aliuawa Oktoba 6 mwaka huohuo. Nawal akatoka Novemba, na kitabu kikatoka naye.

Wanja! Wasichana wangu waliposikia hapo walipiga vigelegele.

Sasa kuna mtu atasema, na ana haki ya kusema: wale waliofungiwa peke yao je? Uani wa mtu mmoja ni uani gani? Hapo ndipo swali lenu linapokuwa gumu kweli. Wafungaji wanajua tulijualo sisi. Wanaona wanawake wakikaa pamoja watajenga jiko hata pasipo mafiga, basi wanawatenga.

Winnie Mandela alichukuliwa nyumbani kwake Soweto alfajiri ya Mei 12, 1969, mabinti zake wawili, mmoja wa miaka 10, mwingine 8, wakiwa wameng'ang'ania sketi yake. Alikaa siku 491, nyingi katika hizo akiwa peke yake kwenye seli huko Pretoria, taa ikiwaka usiku na mchana. Hana kitabu, hana mtu wa kusema naye isipokuwa wanaomhoji. Akawa anafumua blanketi, anatoa nyuzi, anazisokota, anazisuka. Siku alipopata sisimizi ndani ya seli alishinda nao wakimtembea vidoleni. Nilipofika hapo katika kusoma nilitazama mikono yangu na kuikuta inachezea uzi wa pindo la gauni. Nikamkumbuka mama, wiki aliyofiwa na kaka yangu, alivyosuka ukili mrefu kupita haja ya mkeka wowote, pima juu ya pima, bila kuushona. Hakuna aliyemwambia aache.

Sio wote waliovuka kwa namna hiyo. Ruth First, mwandishi wa habari wa hukohuko Afrika Kusini, aliwekwa ndani siku 117 mwaka 1963, na mle ndani alifika mahali pa kujaribu kujiua. Yeye mwenyewe hakulificha. Nalitaja kwa sababu yule bwana wa moyo wa kiume angemweka kwenye kundi la walioshindwa, nami simuweki.

Lakini ninayemfikiria kuliko wote ni Vera Chirwa, maana huyu karibu ni wa kwetu. Alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa mwanasheria Malawi. Yeye na mumewe, Orton, walikuwa miongoni mwa waliopigania uhuru wa nchi ile, kisha mwaka 1964 mawaziri wakakosana na Kamuzu Banda, na familia ikakimbilia Tanzania. Waliishi miaka mingi Dar es Salaam wakifanya kazi ya sheria. Huku nyuma Banda akajitangazia urais wa maisha, 1971. Mkesha wa Krismasi mwaka 1981, walipokuwa Zambia, walitekwa mpakani na kuvushwa hadi Malawi wakiwa na mtoto wao wa kiume. Serikali ilidai wamekamatwa ndani ya nchi.

Kesi yao ilipelekwa mahakama ya jadi, ambayo haikuruhusu wakili. Angalieni dhihaka hiyo: mume mwanasheria, mke mwanasheria, wamesimama mbele ya machifu na kukatazwa mtetezi. Walijitetea wenyewe. Mwaka 1983 wakahukumiwa kunyongwa. Dunia ikapiga kelele, na 1984 Banda akabadilisha hukumu kuwa kifungo cha maisha. Wakawekwa gereza moja, Zomba, yeye upande wa wanawake, mumewe upande wa wanaume. Kwa takriban miaka minane hawakuonana. Ukuta mmoja, miaka minane! Septemba 1992 walikuja mawakili kutoka Uingereza, na kwa ajili ya ugeni huo mume na mke wakakutanishwa. Oktoba, Orton akafa. Vera hakuruhusiwa kwenda kumzika. Januari 1993 akafunguliwa.

Kwetu sisi mwanamke akifiwa na mume anakaa eda miezi minne na siku kumi, na uani panajaa. Huogi peke yako, hulali peke yako, wapo wa kukupikia na wapo wa kukuliza. Vera ni Mkristo, na Malawi wana mila zao, lakini mimi huwa nampigia hesabu kwa kalenda ya hapa: lango lilipofunguliwa alikuwa hata eda hajamaliza, na siku zote hizo alikaa gerezani. Kilichomtoa hapo mzima, sijaribu kukitia kwenye neno moja. Ninachojua ni alichofanya baadaye. Kuanzia mwaka 2000 Kamisheni ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilimpa kazi ya kukagua magereza katika bara hili. Aliyefungiwa miaka kumi na mmoja akawa anazunguka nchi za watu akiomba afunguliwe milango ya ndani. Bwana jela gani angemdanganya huyo kwamba leo ndiyo siku ya nyama?

Mji wetu nao una lake. Wageni wakija Bagamoyo tunawauzia ile hadithi ya jina la mji, ya kubwaga moyo, mpaka sisi wenyewe imetuchosha. Hawaulizi habari za FRELIMO, nasi hatuwaambii. Miaka ya vita vya ukombozi Chama hicho cha Msumbiji kilikuwa na shule yake ya sekondari hapahapa, na Graça Simbine, ambaye baadaye alikuja kuwa Graça Machel, alifundisha pale. Mama aliwauzia mikeka. Alikuwa akisema wasichana wa pale wakishika mkeka waliugeuza kwanza nyuma kuangalia mshono, akajua wamelelewa na wanawake wanaosuka.

Hao walikuwa wametoroka utawala wa Salazar na polisi wake wa siri, PIDE. Wengine walikuwa wameshaonja. Josina Muthemba hajatimiza hata miaka 19 alipotoroka Lourenço Marques, Maputo ya leo, mwaka 1964 na wanafunzi wenzake kuja kujiunga na mapambano. Walikamatwa Rhodesia, Zimbabwe ya leo, karibu na maporomoko ya Victoria, wakarudishwa kwa Wareno, akafungwa miezi kadhaa. Alipotolewa, mnadhani alitulia? Mwaka uliofuata alitoroka tena, akafika Tanzania. Humu akashika bunduki katika kikosi cha wanawake, akaolewa na Samora Machel, na akaongoza idara ya mambo ya jamii ya FRELIMO, kazi kubwa ikiwa ni kuwalea yatima wa vita. Alifariki Dar es Salaam Aprili 7, 1971, akiwa na miaka 25. Msumbiji siku hiyo ni Siku ya Wanawake. Kazi hiyo ya kulea watoto ambao si wake waliomsifu huitaja mwishoni, baada ya bunduki. Ningeandika mimi ningeitaja mwanzo.

Na nisipomtaja Bibi Titi Mohamed wasomaji watanirudi. Nchi yetu haikuwa ya Banda, na hilo nalisema bila kuyumba. Lakini naye alikamatwa 1969, akashtakiwa kwa uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha 1971, akatolewa kwa msamaha wa Mwalimu Nyerere mwaka uliofuata. Mwanamke aliyewatoa akina mama nje wakajaza mikutano ya TANU, kwa vikundi vyao vya ngoma na lelemama, alirudi akakuta marafiki wengi wamejitenga naye. Hodi zilikoma. Sasa ana barabara kubwa kwa jina lake pale Dar es Salaam, na watu wetu wa Bagamoyo wakifika mjini wanaivuka. Sijui kama barabara inafidia hodi.

Wenzetu wa Kenya walipata bahati kwamba waliokuwa nje hawakunyamaza. Februari 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa wa utawala wa Moi, wengi wao vikongwe kutoka mashambani, walikwenda kukaa Uhuru Park, Nairobi, na kugoma kula, Wangari Maathai akiwa pamoja nao. Walikuja na mablanketi yao wakakaa chini, kama watu wa matanga. Machi 3 polisi waliwavamia kwa virungu na gesi. Wangari alipigwa hadi akazimia. Baadhi ya wale wazee wakavua nguo mbele ya askari wa umri wa wajukuu zao. Mnajua maana yake, sina haja ya kueleza. Wakahamia kanisa la All Saints karibu na hapo, wakakaa mle karibu mwaka mzima, mpaka wanao karibu wote wakaachiwa mapema 1993.

Yule mama wa karibu na ndoo nilimuahidi kanga. Nilipoachiwa nilisubiri juma moja nipate fedha, nikanunua doti, nikaikata katikati, nikaipinda kwa mashine pande zote, maana nilitaka aivae siku hiyohiyo. Nikaenda nayo kituoni. Askari wa zamu akaniuliza namtaka nani. Jina nililokuwa nalo ni la mtoto wake wa kwanza tu, tulimwita kwa hilo. Akafungua daftari, akapitisha kidole ukurasa hadi ukurasa, akasema waliokuwamo siku zile wamepelekwa mahakamani, baada ya hapo yeye hajui. Nikarudi nayo. Jana usiku, nilipokuwa naandika haya, niliitoa kabatini. Rangi imeanza kupauka pale kwenye mkunjo.